Mtoto wa Chifu Aliyefuta Uchifu

Kabla ya Wajerumani, Wazanaki wa Butiama, katika Mkoa wa Mara wa leo, hawakuwa na chifu. Ardhi, ng'ombe, ndoa na ugomvi viliamuliwa na wazee, na waganga wa mvua nao walisikilizwa. Utaratibu huo haukumfaa mkoloni, ambaye alitaka mtu mmoja wa kuulizwa kodi imefika wapi na vibarua wako wapi. Machifu wakawekwa, kila mmoja na kijieneo chake. Mwaka 1915 uchifu ukamwangukia Nyerere Burito. Alioa wake 22, na mwaka 1922 mke wake wa tano, Mugaya Nyang'ombe, alijifungua mtoto wa kiume akaitwa Kambarage.

Mwaka huohuo wa 1922, huko Ulaya, Shirikisho la Mataifa lilithibitisha kwamba Tanganyika iliyonyang'anywa Ujerumani itakuwa chini ya uangalizi wa Uingereza. Waingereza waliwaacha machifu palepale wakawajengea ngazi: Gavana Dar es Salaam, mkuu wa jimbo Mwanza, Bwana DC (mkuu wa wilaya) Musoma, kisha chifu kijijini. Mwananchi wa kawaida aliiona dola ya Uingereza kupitia watu wawili tu, DC na chifu wake.

Lakini neno "uangalizi" lilikuwa na mwanya ndani yake. Tofauti na Kenya, Tanganyika haikuwa koloni kamili. Kuanzia 1946 ilikuwa chini ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, na Uingereza ililazimika kutoa hesabu ya utawala wake mbele ya mataifa mengine. Aliyekuja kuutumia mwanya huo kuliko wote ni yule mtoto wa mke wa tano. Alianza shule mwaka 1934 pale Mwisenge, Musoma, kiasi cha kilomita 40 kutoka nyumbani, kisha akaenda Tabora, Makerere na Edinburgh.

Chama cha TANU kilizaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, waasisi wakiwa 17. Mwezi Machi uliofuata kiongozi wake, Julius Kambarage Nyerere, alisimama mbele ya Baraza la Udhamini mjini New York. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliozuru nchi mwaka 1954 ulikuwa umependekeza uhuru ndani ya miaka 20 hadi 25, na Waingereza waliona hata muda huo ni mfupi mno. Aliporudi aliacha ualimu Pugu, kwa kuwa siasa na kazi ile visingeweza kwenda pamoja tena. Akarejea Mara kwa miezi kadhaa, akiwafundisha Kizanaki mapadre wa Maryknoll. Kiongozi wa harakati za nchi nzima alikuwa hana mshahara wa chama wala gari, na mkewe Maria aliyemwoa Musoma mwaka 1953 alikuwa na watoto wa kulisha. Kipindi hicho kinastahili kukumbukwa zaidi ya sherehe zote zilizokuja baadaye.

Mwaka 1958 ndio uliokata mzizi wa fitina. Serikali ilileta uchaguzi wa kura tatu: kila mpigakura alitakiwa kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, la sivyo kura yake iharibike. Wanachama wengi wa TANU walitaka kususa. Mkutano wa Tabora wa Januari, kwa ushawishi wa Nyerere, uliamua kushiriki. Zuberi Mtemvu, aliyeupinga uamuzi huo, alihama TANU akaanzisha chama chake cha ANC.

Kabla ya kura, Nyerere alifikishwa mahakamani. Katika gazeti la Sauti ya TANU alikuwa ameandika kuhusu uonevu wa maofisa wa wilaya, wakiwamo wa Songea na wa Musoma kwao. Alipatikana na hatia ya kukashifu akapewa uchaguzi: faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Alilipa. Chama kilimhitaji nje, na hesabu hiyo ilikuwa sahihi, kwani wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda kila mahali, wakiwamo Waasia na Wazungu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Uchaguzi wa Agosti 1960 uliipa TANU viti 70 kati ya 71, na 58 havikuwa na mpinzani. Baraza la mawaziri aliloliunda Nyerere lilikuwa na Paul Bomani wa vyama vya ushirika vya pamba, Amir Jamal mzaliwa wa Mwanza, mkulima Mwingereza Derek Bryceson, na Chifu Abdallah Fundikira wa Unyanyembe. Fedha alishika Ernest Vasey, aliyewahi kuwa waziri wa fedha wa Kenya. Madaraka ya ndani yalipatikana tarehe 1 Mei 1961, na bendera ikapanda tarehe 9 Desemba.

Ila Bwana DC alikuwa bado yupo ofisini Musoma. Siku 44 tu baada ya uhuru Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili akaimarishe chama, akamwachia Rashidi Kawawa. Mwaka 1962 wakuu wa mikoa na wa wilaya Watanganyika wakachukua nafasi za wakoloni. Mwaka huohuo ilipitishwa sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kesi, silaha ya kikoloni ambayo serikali huru haikupaswa kuiokota.

Mwaka 1963 uchifu ukafutwa kisheria. Chifu wa Butiama wakati huo alikuwa Edward Wanzagi, kaka yake Nyerere, ambaye sasa alikuwa Rais.

Serikali ya Tanganyika yenyewe haikudumu, kwani tarehe 26 Aprili 1964 iliungana na Zanzibar. Miaka hamsini baadaye Mkoa wa Mara uliingia katika mjadala wa muungano huo, kupitia Jaji Joseph Warioba, mzaliwa wa Bunda. Rasimu ya katiba mpya iliyoandaliwa na tume aliyoiongoza ilipendekeza serikali tatu, Tanganyika ikirudi na ya kwake. Bunge Maalumu la mwaka 2014 lililiondoa pendekezo hilo, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa. Hadi leo haijapigwa.