Uzazi wa Mpango Choma: Neno la Mwisho ni la Nani?

Mwanamke wa Choma cha Nkola, wilayani Igunga mkoani Tabora, habari za uzazi wa mpango anazo. Nyota ya kijani, nembo ya uzazi wa mpango, ameiona ukutani, matangazo ya redio ameyasikia, na ukimuuliza njia atakutajia majira, sindano, vijiti na kitanzi bila kubabaika. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015-16 ulikuta mwanamke wa kanda ya magharibi, yaani Tabora na Kigoma, anazaa wastani wa watoto 6.7, wakati wastani wa taifa ulikuwa 5.2. Tumezoea kumhubiria kana kwamba hajui. Anajua. Asichokuwa nacho ni neno la mwisho juu ya mwili wake.

Tuanze na mali. Kwa Wasukuma na Wanyamwezi wengi binti bado huolewa kwa ng'ombe, na ng'ombe hao huchangwa na ukoo. Mke aliyetolewa mahari kubwa hutazamiwa azae. Mimba ikichelewa, mama mkwe ndiye wa kwanza kuuliza. Isitoshe, pamba inataka palizi, mpunga unataka mikono, mifugo inataka wachungaji, na mkulima asiye na pensheni huwategemea wanawe uzeeni. Hiyo ni hesabu ya mtu mwenye akili timamu. Utafiti ule ule ulionyesha kuwa wanawake wa kaya maskini kabisa walizaa wastani wa watoto 7.5, na wa kaya zenye nafuu zaidi 3.1. Maisha yakibadilika, hesabu nayo hubadilika.

Sasa tutazame vijiti kwa karibu. Ni vyembamba, urefu wake kama wa njiti ya kiberiti. Vipo vya miaka mitatu na vya miaka mitano. Huwekwa chini ya ngozi, upande wa ndani wa mkono, juu ya kiwiko. Havionekani kirahisi, lakini vinapapasika. Mume akimshika mkono mkewe, amekwisha kujua. Kwa hiyo mwanamke anayejikinga kwa siri hukimbilia sindano, ambayo haiachi alama, na kadi yake huiacha kwa jirani au kwa dada yake. Gharama yake ni kwamba kila baada ya miezi mitatu lazima atafute sababu ya kutoka nyumbani na nauli ya bodaboda. Huduma katika vituo vya serikali ni bure, lakini nauli si bure, na mara nyingi mwenye fedha ya nauli ni yule yule mume anayefichwa. Akifika akaambiwa dawa zimekwisha, safari imepotea na siku ya shamba imepotea.

Halafu kuna damu. Sindano huweza kuikata hedhi kabisa, au kuleta matone yasiyokoma kwa wiki kadhaa. Muuguzi atasema ni kawaida, na kitabibu yuko sahihi. Nyumbani si kawaida. Swala na saumu vinavurugika, tendo la ndoa linasimama, na penye uke wenza mume anahamia nyumba ya pili. Maneno kwamba dawa hizi zinaharibu kizazi hupata nguvu hapo, kwa sababu mwanamke aliachwa peke yake na mabadiliko ambayo hakuna aliyemweleza mapema.

Mwezi Septemba 2018, akiwa Meatu mkoani Simiyu, Rais Magufuli aliwaambia wananchi kuwa wanawake wanaweza kuachana na dawa hizo. Mwezi huo huo wizara ya afya ilisimamisha baadhi ya matangazo ya uzazi wa mpango. Mume aliyekuwa akipinga alipata hoja nzito mkononi.

Msichana ndiye aliyebanwa zaidi. Mwaka 2015-16, Tabora ilikuwa ya pili baada ya Katavi: asilimia 43 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa wajawazito. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mwanaharakati Rebeca Gyumi aliipinga, akashinda Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono mwaka 2019. Lakini binti aliyekwisha kuingia nyumba ya wakwe akiwa na umri huo hawezi kuzungumzia kupumzika kabla hajathibitisha kuwa anazaa.

Ningeomba fedha kidogo zitoke kwenye mabango ziende kwa muuguzi: apate muda wa kueleza damu kabla ya kuchoma sindano, amsikilize mama anayerudi kulalamika, na huduma ifuate siku ya mnada, ambapo kutoka nyumbani hakuhitaji maelezo. Wanaume nao wazungumziwe huko huko mnadani, kwa lugha ya kumpumzisha mama na kulea mtoto aliyepo. Na anayetaka vijiti vitolewe, atolewe siku hiyo hiyo bila kuambiwa avumilie. Mwanamke aliyekataliwa kutolewa atawasimulia majirani zake, na hao hawatakwenda kuwekewa.