Fahamu: Rais anapatikanaje bila wananchi kupiga kura? Mara tatu ambazo Wazanzibari hawatasahau

Machi 19, 2021 Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Unguja, aliapishwa Ikulu ya Dar es Salaam kuwa Rais wa sita wa Tanzania.

Hapakuwa na kampeni, foleni za kura wala matokeo ya kusubiri. Siku mbili kabla, Machi 17, Rais John Magufuli alikuwa amefariki dunia.

Wengi walijiuliza: mbona hatupigi kura tena?

Jibu liko kwenye Katiba. Lakini kwa Wazanzibari haikuwa mara ya kwanza kuona kiti cha urais kinabadilisha mtu bila sanduku la kura. Hii ilikuwa ya tatu, na kila moja ilikwenda kwa njia yake.

1972: Baraza la Mapinduzi laamua

Aprili 7, 1972 Sheikh Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, alipigwa risasi na kuuawa katika makao makuu ya chama cha ASP, Kisiwandui, hatua chache kutoka Mji Mkongwe. Kaburi lake liko hapo hapo, na kila Aprili 7 taifa zima linapumzika kumkumbuka.

Nani angemrithi? Wakati huo Zanzibar haikuwa na katiba yake ya kueleza utaratibu. Tangu Mapinduzi ya Januari 12, 1964 mamlaka yote yalikuwa mikononi mwa Baraza la Mapinduzi, yaani lilitunga sheria na kuendesha serikali.

Ndani ya siku chache kiti kikaenda kwa Aboud Jumbe, mwalimu wa zamani aliyekuwa mmoja wa viongozi wa Baraza hilo. Mwananchi wa kawaida hakuulizwa.

Wazanzibari walisubiri hadi Oktoba 1980 ndipo wakampigia kura Rais wao kwa mara ya kwanza. Hata hapo mgombea alikuwa mmoja tu, Jumbe mwenyewe, na kura ilikuwa ya ndiyo au hapana. Alishakaa madarakani miaka minane.

1984: Rais ajiuzulu Dodoma

Mara ya pili hakufa mtu. Januari 1984 Jumbe aliitwa kujieleza kwenye kikao cha Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM mjini Dodoma. Kiini cha mgogoro kilikuwa muundo wa Muungano: Jumbe alitaka serikali tatu, na alikuwa akijiandaa kuupeleka mjadala huo kwenye Mahakama Maalumu ya Katiba.

Alitoka kwenye kikao akiwa amepoteza kila kitu: urais wa Zanzibar, umakamu wa Rais wa Muungano na umakamu mwenyekiti wa CCM. Yaani Rais aliyepigiwa kura na Wazanzibari aliondoka kwa kikao cha chama, tena nje ya Zanzibar.

Nafasi yake ikashikwa na Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa waziri katika Serikali ya Muungano. Safari hii wananchi hawakusubiri sana. Aprili 1984 walipiga kura kumthibitisha, ingawa alikuwa mgombea pekee. Mwaka uliofuata Mwinyi akawa Rais wa Muungano, akimpokea Mwalimu Nyerere.

2021: Katiba yafanya kazi

Tofauti kubwa ya mara ya tatu ni kwamba utaratibu ulikuwa umeandikwa.

Ibara ya 37(5) ya Katiba ya Muungano inasema Rais akifariki, akijiuzulu, akipoteza sifa au akishindwa kazi kwa sababu ya maradhi, Makamu wa Rais anaapishwa kuwa Rais kwa muda wote uliobaki. Siyo kukaimu. Ni Rais kamili.

Kisha Rais mpya anashauriana na chama chake na kupendekeza jina la Makamu mpya. Bunge linapiga kura, na jina lazima lipate angalau asilimia 50. Hivyo ndivyo Dk. Philip Mpango alivyopitishwa Machi 30, 2021 na kuapishwa kesho yake.

Kwa nini hakuna uchaguzi mwingine?

Kwa sababu, kisheria, Makamu ameshapigiwa kura. Tangu uchaguzi wa 1995 mgombea urais wa Muungano anasimama na mgombea mwenza. Ukimchagua mmoja, umewachagua wote wawili.

Kabla ya hapo Rais wa Zanzibar alikuwa pia Makamu wa Rais wa Muungano. Mabadiliko ya Katiba ya 1994 yaliondoa utaratibu huo, kukiwa na hofu kwamba kwenye vyama vingi Rais na Makamu wangeweza kutoka vyama hasimu.

Sharti moja likabaki: Rais wa Muungano akitoka Bara, Makamu lazima atoke Zanzibar, na kinyume chake. Ndiyo maana Magufuli alipofariki, kiti kilivuka bahari.

Anahesabiwa muhula?

Inategemea muda uliobaki. Ibara ya 40(4) inasema Makamu akirithi ukiwa umebaki muda usiofika miaka mitatu, anaweza kugombea mara mbili. Ikiwa imebaki miaka mitatu au zaidi, ni mara moja tu.

Magufuli alikuwa ameapa Novemba 5, 2020, kwa hiyo ilibaki zaidi ya miaka minne. Samia alikuwa na nafasi moja, na aliitumia Oktoba 29, 2025, akatangazwa mshindi katika uchaguzi uliogubikwa na maandamano na vifo.

Wenzetu wanafanyaje?

Zambia zamani walirudi kwenye kura ndani ya siku 90. Walifanya hivyo baada ya kifo cha Levy Mwanawasa 2008, na tena baada ya Michael Sata kufariki 2014. Mwaka 2016 walibadili katiba na kuingiza mgombea mwenza, kama Tanzania.

Na Rais wa Zanzibar?

Hapa ndipo wengi wanachanganya. Ibara ya 37 inahusu Rais wa Muungano tu. Zanzibar ina Katiba yake ya 1984 na haina mgombea mwenza. Ina Makamu wawili: wa Kwanza anatoka chama kilichoshika nafasi ya pili, wa Pili anateuliwa kutoka chama cha Rais. Hakuna kati yao anayechaguliwa kwenye karatasi moja na Rais.

Kwa hiyo ukipewa karatasi ya kura ya Rais wa Muungano, usiishie kwenye jina la juu. La mwenza wake nalo ni kura yako. Mwaka 2020 wengi walilipita tu, na baada ya miezi minne likawa jina la Rais.