Kuku Anapojikunyata

Mtwapa ina wafugaji wa kuku wengi kuliko unavyoweza kudhani ukipita barabarani kuelekea Kilifi. Ingia nyuma ya vyumba vya kupanga, pita tangi la maji na kamba za nguo, utakuta kizimba cha mbao za maboksi na kuku wanne watano wanaochakura mchangani. Wangu wanalala chini ya makuti upande wa Majengo, na wanakula machicha ya nazi pamoja na makombo ya mahamri ninayouza asubuhi. Nimefuga miaka mingi, kwa hiyo majirani huniletea wagonjwa. Mtu huja na mtetea amemfunika leso, na kabla hajakaa ameshauliza, "Shangazi, nikanunue dawa gani?"

"Mwanangu, mweke chini kwanza nimtazame."

Hapo ndipo wengi wananiona mzee wa mambo mengi. Wanataka jina la chupa. Lakini kuku ana tabia ya kuficha ugonjwa, kwa kuwa mnyonge hupigwa na wenzake na huonwa haraka na mwewe. Ukimkuta amejikunyata, manyoya yamefura, mbawa zinaburura na macho amefumba mchana kweupe, jua ameanza kuugua kabla ya leo. Kwa hiyo mimi huwatazama asubuhi ninapowamwagia chakula. Nani amekuja wa mwisho? Nani amedonoa mara mbili akaacha?

Baada ya kumtazama kwa mbali, mshike. Papasa kidari: mfupa wa katikati ukiwa umechongoka na nyama zimekwisha pembeni, huo ni ugonjwa wa siku nyingi, pengine minyoo. Papasa kile kifuko cha chakula chini ya shingo. Alfajiri, kabla hajala, kinapaswa kuwa kitupu. Kikiwa kigumu, chakula kimekwama, na mara nyingi ni nyasi ndefu au uzi wa gunia. Tazama upanga wa kichwani kama ni mwekundu, umepauka, au umegeuka zambarau. Funua mdomo, nusa. Uso uliovimba upande mmoja, makamasi na harufu mbaya ni dalili za mafua makali ya kuku. Usiseme ana homa kwa sababu mkono wako umehisi joto. Kuku mzima ana joto la nyuzi 41 hadi 42 za Selsiasi, kwa hiyo kila kuku ni wa moto mkononi.

Kisha geuza uangalie nyuma. Watu huogopa weupe katika kinyesi, na wamenunua dawa nyingi kwa sababu ya hofu hiyo. Kinyesi cha kahawia chenye weupe juu ni cha kuku mzima. Ule weupe ndio mkojo wake. Kinachotakiwa kukushtua ni damu, hasa kwa vifaranga waliolala juu ya takataka mbichi wakati wa mvua. Au kijani cha majimaji. Au manjano kama ya kiberiti kwa kuku wakubwa wanaokufa mmoja mmoja, jambo linaloweza kuwa homa ya matumbo ya kuku. Aliyepona homa hiyo huweza kubeba vijidudu maisha yake yote na kuvipitisha kwenye mayai. Wa namna hiyo sitamwacha alalie mayai hata awe mzuri vipi.

Mgonjwa atengwe siku hiyo hiyo. Huhitaji chumba: mfunike kwa tenga mahali penye kivuli, mbali na wenzake, mpe kopo lake la maji, na umhudumie wa mwisho ukishamaliza wazima. Akiwa ni koo mwenye vifaranga, jiandae kudonolewa. Wagiriama husimulia jinsi mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alivyomtaka ofisa Mwingereza, Arthur Champion, achukue kifaranga mbele ya mama yake, ili aone watu watakavyofanya wakinyang'anywa vijana wao. Alidonolewa. Vaa kitambaa mkononi.

Maji yanatangulia chakula. Kuku anayehara hukauka upesi, na joto letu la kaskazi, Januari hadi Machi, halimsaidii. Mimi hukoroga lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, kama ya mtoto anayehara, na kumwaga yaliyobaki kila siku. Asipokunywa mwenyewe, chovya ncha ya mdomo wake, au mdondoshee pembeni mwa mdomo tone kwa tone, umngoje ameze. Usimfungue mdomo ukamiminia. Tundu la hewa la kuku liko pale pale nyuma ya ulimi, na maji yakiingia humo yanakwenda mapafuni. Nimeona kuku waliokuwa wanaelekea kupona wakafa kwa kunyweshwa na watu wenye huruma nyingi. Chakula kije baadaye, kidogo na laini: ugali uliolowekwa, papai, mchicha uliokatwakatwa.

Na utofautishe ugonjwa na joto. Kuku hatoi jasho. Saa saba mchana wote wakiachama na kutanua mbawa, kisha saa kumi na moja wakawa wanachakura kama kawaida, walihitaji kivuli na maji baridi.

Aliyepauka upanga mara nyingi anaibiwa damu usiku. Chukua tochi uende kizimbani watu wakishalala. Papasi hujificha mchana katika nyufa za udongo na viungo vya mbao, utitiri hutembea kwenye fito za kulalia hadi ukakuwasha wewe mwenyewe, na wapo viroboto wa mchangani wanaojibandika kuzunguka macho na upanga wasitoke hata ukimpangusa. Hao wapake mafuta ya mgando; hukosa pumzi wakadondoka. Usipake ndani ya jicho. Lakini ukimtibu kuku ukaacha kizimba, umefanya kazi ya siku mbili tu. Toa matandiko yote uyachome, ziba nyufa, na unyunyize dawa ya wadudu iliyoandikwa kuwa ni ya kuku. Ile ya kupulizia mende iache jikoni.

Mvua zikinyesha na mbu wakizidi, huja ndui. Utaona vinundu vyenye magamba kwenye upanga na kando ya macho. Ndui ya ngozi haina dawa ya kuiua, lakini hupoa yenyewe kwa wiki mbili hadi nne. Kinachomuua kuku hapo mara nyingi ni njaa, kwa kuwa macho yameziba na haoni mtama. Muoshe macho kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, usibandue magamba, mlishe kwa mkono. Ikiingia kooni akawa anakoroma, matumaini hupungua.

Kuna ugonjwa mwingine wa pwani ambao ni wa jikoni kwetu. Maji yaliyolowekewa ng'onda, vichwa vya samaki wa chumvi, makombo ya mchuzi wa papa: chumvi nyingi ni sumu kwa kuku. Huharisha maji, humpa kiu isiyokoma, na huweza kumuua. Machicha nayo huchacha yakilala, na mahindi yaliyoota ukungu yana sumu ambayo kuyachemsha hakuiondoi. Usichothubutu kukila wewe kwa sababu kimeharibika, usimtupie kuku.

Sasa dawa. Kwenye duka la agroveti utauziwa unga wa antibayotiki hata kabla hujamaliza kueleza, na wengine huvunja vidonge vya tetrasaiklini vya watu wakavitia kwenye maji. Antibayotiki inafaa pale ugonjwa unapotokana na bakteria, kwa kipimo sahihi na kwa siku zote zilizoandikwa. Vifaranga wanaohara damu wanahitaji dawa nyingine, kama amproliamu. Virusi havisikii antibayotiki hata kidogo. Na mayai ya kuku aliye kwenye dawa hayaliwi wala hayauzwi mpaka zipite siku zinazotajwa kwenye pakiti. Mwarobaini na mshubiri sina ugomvi nao, hata mimi hutia majani ya mwarobaini kwenye viota. Ugomvi wangu ni na anayesema vinatibu kideri.

Kideri, ambacho agroveti watakuita Newcastle, hakitibiki. Kilitambuliwa mwaka 1926 huko Java na katika mji wa Newcastle nchini Uingereza, na kwa Kenya kumbukumbu za kwanza ni za mwaka 1935, hapa hapa pwani ya Mombasa. Kuku anahema kwa shida na kukohoa, anahara kijani, mbawa zinalegea, shingo inapinda hadi anatazama juu au anazunguka mahali pamoja. Wengine hawaonyeshi chochote. Unafungua kizimba wamelala chali. Kundi ambalo halijachanjwa linaweza kuisha lote. Virusi husafiri kwa kuku aliyenunuliwa sokoni karibu na Krismasi, kwa tenga la mchuuzi, kwa viatu vyako. Ndiyo maana sipendi ile desturi ya kuwahi kuchinja wagonjwa wasipotee bure: maji ya kunyonyolea, manyoya na matumbo yakimwagwa uani, mtaa mzima umepelekewa. Waliokufa wazikwe kwa kina au wachomwe, waliobaki wasiuzwe, na afisa wa mifugo wa kaunti aarifiwe, maana kideri ni kati ya magonjwa ambayo sheria inataka yaripotiwe.

Kinga yake ni tone moja jichoni. Taasisi ya serikali ya kutengeneza chanjo za mifugo, KEVEVAPI, hutoa chanjo hiyo, na iko pia aina inayovumilia joto, I-2, iliyotengenezwa Australia na Peter Spradbrow wa Chuo Kikuu cha Queensland kwa ajili ya vijiji visivyo na friji. Hurudiwa kila miezi mitatu hadi minne, kwa kuku wazima tu. Aliyekwisha kuugua haimwokoi, na mzima huhitaji wiki moja au mbili kabla kinga haijashika. Shida ni kwamba chupa moja ina matone mia au zaidi, nawe una kuku watano, na ikishachanganywa hailali. Hapo watu hukata tamaa, ingawa chupa yenyewe haifikii bei ya mtetea mmoja. Sisi huchangishana ploti kadhaa, mmoja huleta chupa ndani ya thamosi yenye barafu kutoka kwa wauza samaki, na tunaanza jioni kuku wakisharudi kulala, ili tusikimbizane. Anashikwa ubavuni, kichwa kinalazwa, tone linaingia jichoni, unangoja apepese. Basi.

Wakifa wengi na hamjui sababu, kuna maabara ya uchunguzi wa mifugo Mariakani. Piga simu kwa afisa wa mifugo kwanza, kisha peleka kuku aliye mgonjwa, au aliyekufa muda huo huo akiwa amefungwa mifuko miwili juu ya barafu; aliyekufa jana akaoza hasemi lolote. Wakupe jina la ugonjwa, ndipo uende dukani.

Chanjo yetu ijayo itakuwa kabla ya Krismasi, kabla wachuuzi hawajaanza kupita na matenga. Mchango si tatizo, barafu ipo. Anayetafutwa ni kijana wa kumkamata yule jogoo wa kuchi wa ploti ya pili, maana mwenyewe ameshasema hamshiki.