Sarafu ya Mia Mbili na Swali la Baruti

Msomaji anayesomea stashahada mjini Mtwara ameniandikia. Anakwenda fildi Mahurunga na vijiji vya jirani kuwahoji wavuvi, na anauliza wahojiwa wangapi watamtosha. Kwenye dodoso alilolituma pamoja na barua, swali la 17 linasema: "Je, umewahi kuvua kwa baruti?"

Idadi tuimalize upesi. Kanuni ya Yamane, ile inayonakiliwa tasnifu hadi tasnifu, itampa watu wasiozidi 400 akikubali kukosea kwa asilimia tano, na msimamizi wake ataridhika. Kaya azichague kwa kura kutoka daftari la wakazi, asiwaokote waliokaa kijiweni. Basi.

Linaloniwasha ni hilo swali la 17. Mwambao wa kusini unaijua baruti tangu zamani. Miaka ya 1990, katika RIPS, mradi wa maendeleo vijijini uliofadhiliwa na Finland, wanavijiji wenyewe walisimama mbele ya kamera ya video wakaikemea. Mwaka 2000 ikaja Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kilomita za mraba 650 zenye askari wake. Sasa aje kijana mgeni, kishikwambi mkononi, mtendaji wa kijiji pembeni, amuulize baba wa watu uani kwake kama ni mhalifu. Atajibiwa, "Hapana, mwanangu," na atakatiwa dafu. Wahojiwa 400, hapana 400.

Mwaka 1965 mtakwimu wa Marekani, Stanley Warner, alionyesha njia ya kutokea, na waliomfuata wakairahisisha. Chukua sarafu ya shilingi 200, yenye Mzee Karume upande mmoja na simba upande wa pili. Mhojiwa akupe mgongo, airushe, aitazame peke yake, aitie mfukoni. Akitokea Mzee Karume, aseme "ndiyo" hata kama baruti hajawahi kuigusa. Wakitokea simba, aseme kweli. Wewe unasikia neno moja tu, na sarafu hujaiona.

Tuhesabu. Watu wakiwa 200, karibu 100 watamwona Karume, kwa hiyo una "ndiyo" 100 za bure. Ukipata 130, zile 30 za ziada zimetoka kwa wale 100 walioona simba. Thelathini kwa mia! Umeijua hali ya kijiji na humjui mvuvi hata mmoja. Dodoso likiangukia mikononi mwa askari wa hifadhi, "ndiyo" iliyoandikwa humo haimtii mtu hatiani, maana huenda ni ya Karume.

Anayelima mpunga kando ya Ruvuma hesabu hii anaijua kwa ulimi. Bamvua likija, bahari hupanda mtoni na maji huchanganyika. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi ya gramu 35 hivi. Ya mto haina ya kuhesabika. Ukichota kata moja mahali yalipokutana ukakuta gramu 14 kwa lita, sehemu 40 kwa mia ni bahari, zilizobaki ni mto. Lakini hebu litafute tone la bahari ndani ya hiyo kata, ulitenge, uliulize limetoka wapi. Huliwezi, na hata maji yakipwa, ukachota tena na kupima, utapata mgawanyo mwingine ulio sahihi na tone bado hulijui. Chumvi ya bahari unaijua kabla ya kuchota, kama unavyozijua "ndiyo" za Karume kabla sarafu haijarushwa. Kitu kimoja kinachojulikana ndicho kinachokifichua kingine.

Jina la mbinu hii linanisumbua. "Jibu nasibishi" lina harufu ya kikao cha kamati. Mimi nitaiita jibu la sitara, na atakayechukia alete lake.

Wala mbinu hii haijaishia vitabuni. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya utafiti ambamo wafugaji wa Afrika Kusini waliulizwa, kwa dadu badala ya sarafu, kama wameua chui na wanyama wengine walao nyama.

Ndiyo, sitara ina gharama: kwa mfano wetu, usahihi uleule utadai wahojiwa zaidi ya mara nne. Na wapo watakaomwona Karume na bado waseme "hapana", kwa kuwa neno "ndiyo" lenyewe linawatisha. Tuendelee.

Umri, elimu, idadi ya mitumbwi na ukubwa wa macho ya nyavu uliza kawaida. Sarafu ni ya swali la 17 peke yake. Mfundishe mhojiwa kwanza kwa swali la utani, kama amewahi kulala na njaa siku ya harusi, arushe mara mbili tatu mpaka acheke. Sarafu iwe yake, itoke mfukoni mwake. Mtendaji mshukuru kwa kukufikisha, umuage kabla hujabisha hodi kaya ya kwanza.