Hela ya Mzigo wa Kenya: Jua Bei Yake Kabla Hujaitoa ATM



Wengi wetu tunaouza mtandaoni tunajua kupiga hesabu ya mzigo, nauli, bando na bodaboda wa kupeleka oda. Ila kuna gharama moja inapita kimyakimya: bei ya hela yenyewe. Ukienda kufuata mzigo nje ya nchi, hela ya kule unainunua kama unavyonunua viatu, na bei inatofautiana kulingana na unapoinunulia.

Mimi niko Manyamanyama, Bunda. Nauza sendozi na viatu vya watoto kupitia WhatsApp na Instagram. Kwa sisi watu wa Mara, Nairobi ni karibu sana kuliko Dar. Unapanda basi, unapita Tarime, unafika Sirari, unavuka Isebania, halafu Migori, Kisii na kuendelea. Ukifika, kuna Gikomba kwa mitumba na Eastleigh kwa vitu vipya. Sehemu ya mtaji wangu ni mkopo wa kikundi cha kuweka na kukopa, na marejesho ni kila wiki. Kikundi hakiniulizi ATM ilikata shilingi ngapi, kinataka marejesho. Ndo maana hii hesabu naifanya kabla sijakata tiketi.

KADI YAKO INAKATWA WAPI?

Ukitumia kadi ya benki ya Tanzania kwenye ATM ya Kenya, kuna sehemu tatu hela inaweza kuponyoka.

1. Benki yako ya nyumbani. Inakata ada ya kutoa hela nje ya nchi, na ada hiyo huwa kubwa kuliko ya kutolea hapa Bunda. Mara nyingi inakatwa kila unapotoa, hata utoe kidogo.

2. Benki yenye ile mashine. Baadhi zinakata ada yao kwa kadi ya mgeni. Kwa kawaida mashine inakuonyesha kwanza na kukuuliza kama unakubali. Usipoipenda, ghairi, tafuta mashine ya benki nyingine.

3. Bei ya kubadilishia. Hii ndo inayojificha. Hutaiona imeandikwa "makato". Benki inakubadilishia kwa bei yenye nyongeza juu ya bei ya soko, wewe unaona tu salio limeshuka.

Halafu kuna mtego mwingine. Mashine inaweza kukuonyesha kiasi kwa shilingi za Tanzania na kukuuliza kama ukubali kubadilishiwa papo hapo. Unaona raha kwa sababu umeona hela ya nyumbani. Kwa kawaida bei hiyo ni mbaya zaidi. Kataa, chagua kukatwa kwa shilingi ya Kenya. Kukataa hapo siyo kufuta muamala. Hela itatoka vilevile, ila kubadilisha itafanya benki yako.

TUPIGE HESABU

Namba hizi ni za mfano tu, weka za benki yako. Tuseme bei ya soko ni shilingi 20 za kwetu kwa shilingi 1 ya Kenya. Unataka 60,000 za Kenya ununue pea 120 za sendozi, kila pea 500. Kichwani unasema mzigo ni 1,200,000 ya kwetu, yaani 10,000 kwa pea.

Sasa tuseme benki yako inakata 10,000 kila unapotoa, mashine ya kule inakata 300 za Kenya kila mara, na benki inakubadilishia kwa 20.6.

Ukitoa mara tatu, 20,000 kila mara: mashine inakula 900 za Kenya, hivyo zinazobadilishwa ni 60,900. Zidisha kwa 20.6, ni 1,254,540. Ongeza 30,000 ya benki yako. Jumla 1,284,540.

Ukitoa 5,000 mara kumi na mbili, labda kwa kuogopa kutembea na hela sokoni: mashine inakula 3,600 za Kenya, zinabadilishwa 63,600. Zidisha kwa 20.6, ni 1,310,160. Ongeza 120,000 ya benki yako. Jumla 1,430,160.

Mzigo ni uleule, sendozi zilezile. Wa kwanza amelipa 84,540 zaidi ya alichowaza, karibu 705 kwa kila pea. Wa pili amelipa 230,160 zaidi, yaani 1,918 kwa kila pea. Kama ulipanga faida ya 3,000 kwa pea, wa pili zaidi ya nusu ya faida yake imebaki kwenye ATM, na nauli bado hajaitoa. Akirudi atashangaa mbona biashara inatembea ila marejesho yanamsumbua.

KANUNI YANGU MOJA

Mimi nimeishia kidato cha nne, natumia kikokotoo cha simu tu. Kanuni ni hii: chukua hela yote iliyotoka Tanzania, gawanya kwa hela uliyoishika mkononi kule. Jibu ndo bei yako halisi.

Kwenye mfano wetu, wa kwanza ni 1,284,540 gawanya kwa 60,000, anapata 21.4. Wa pili anapata 23.8. Bei hiyo ndiyo ya kupangia mauzo, siyo 20 uliyoiona mtandaoni. Na kanuni hii inapima njia yoyote: ATM, duka la kubadilishia fedha, simu, hata ukimlipa msambazaji wa China au Dubai.

NJIA NYINGINE ZA KULINGANISHA

Duka la kubadilishia fedha au benki. Ukipewa bei ya 20.4, elfu 60 za Kenya zinakugharimu 1,224,000, na hakuna ada ya kila utoaji. Ubaya ni usalama wa kusafiri na hela taslimu. Nenda kwenye duka lenye leseni, hesabu hapohapo dirishani, chukua risiti. Wale wanaokufuata mpakani na mabunda mkononi wanaweza kukutajia bei tamu, ila noti bandia au hesabu pungufu ikikukuta huna pa kushitaki.

Simu. Tangu 2015, M-Pesa ya Vodacom Tanzania na ile ya Safaricom Kenya zinatumiana hela. Angalia ada na kiasi atakachopokea mwenzako kabla hujathibitisha, halafu tumia kanuni yetu. Hii ni nzuri kwa msambazaji mliyezoeana. Mpya usimtumie hata mia kabla hujaushika mzigo. Hakikisha pia laini yako inashika mtandao ukiwa kule.

Kulipa dukani kwa kadi. Unaepuka ada ya ATM, lakini bei ya kubadilishia ya benki ipo palepale. Muulize muuzaji kama anaongeza chochote kwa anayelipa kwa kadi.

Mimi nachanganya: hela ya nauli na chakula nabadilisha taslimu kabla, mzigo mkubwa nalipa kwa njia iliyoshinda kwenye hesabu, kadi inabaki ya dharura. Nikilazimika kutoa ATM, natoa mara chache kwa kiasi kikubwa, mchana, mashine iliyo ndani ya benki, na hela inaenda moja kwa moja kwenye mzigo.

MASWALI YA KUULIZA BENKI KABLA YA SAFARI

- Kadi yangu imefunguliwa kutumika nje ya nchi?
- Nikitoa Kenya mnakata kiasi gani kila mara?
- Kwenye kubadilisha mnaongeza asilimia ngapi?
- Mwisho wa kutoa kwa siku ni kiasi gani?
- Nikiangalia salio kule, au muamala ukikataa, nakatwa?
- Mna benki dada Kenya, na kule mnanipunguzia? (Zipo benki zilizoko nchi zote mbili, lakini usidhani tu kwamba ni bure.)

Usione aibu kuuliza. Kuna kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, na kuambiwa makato waziwazi ni haki yako. Omba jedwali la makato, lipige picha. Ukikatwa kitu usichokielewa, tunza risiti na meseji, anza kulalamika kwa benki yako kwa maandishi. Wasipokusikiliza, peleka Benki Kuu.

Kabla ya safari ijayo, kaa na simu yako dakika kumi, weka namba za benki yako kwenye ule mfano. Ukipata bei yako halisi, andika kwenye maoni na njia uliyotumia, tulinganishe wote.

Biashara njema.