Skrubu ya Breki Iliyoshikwa na Kutu

Leo nataka kuwaeleza habari za skrubu ndogo iliyofichika nyuma ya gurudumu la motokaa, ambayo huilinda roho ya mtu. Breki nyingi huendeshwa kwa mafuta yapitayo katika mabomba, na skrubu hii, yenye tundu katikati, hufunguliwa ili kutoa upepo. Mafuta hayabonyei, bali upepo hubonyea; ukiingia ndani, pedali huzama na gari halisimami. Tena mafuta ya breki hunywa unyevu, na maji hayo hugeuka mvuke breki zipatapo moto. Ndiyo sababu hubadilishwa mara kwa mara.

Basi, Dar es Salaam ni mji wa pwani. Chumvi ya bahari na matope ya masika hula chuma, na skrubu isiyofunguliwa miaka mingi hushikamana kabisa. Katika gereji za Temeke na Kinondoni, kijana mwenye haraka huvuta spana kwa nguvu zote, nayo skrubu hukatika, kwa maana ni kama mwanzi: ina uwazi ndani. Hapo mwenye gari huenda akanunua silinda nzima.

Fanyeni hivi. Kwanza, zuieni magurudumu, mkalitegemeze gari kwa stendi imara, si kwa jeki peke yake. Pili, sugueni kutu kwa brashi ya waya, mtie mafuta ya kulegeza kutu, mkaiache skrubu hata kesho. Lakini yasiguse diski wala pedi. Tatu, igongeni polepole kwa nyundo ndogo, ili kutu ipasuke. Nne, tumieni spana ya boksi yenye pande 6, ambayo hushika kichwa sawasawa. Kazeni kidogo, kisha legezeni. Ikisogea, irudisheni, mwongeze mafuta, mfungue tena. Msitumie moto, kwa kuwa mafuta ya breki huwaka na mipira ya ndani huungua. Ikikataa kabisa, mwiteni fundi mwenye vifaa.

Ikifunguka, wekeni mpya, toeni upepo hata mapovu yaishe na pedali iwe ngumu, kisha ifunikeni kwa kofia yake ya mpira. Lijaribuni gari polepole mahali pasipo na watu.

Watoto wavukao Barabara ya Kilwa kwenda shule hawaijui skrubu hii. Wanaamini tu kwamba gari litasimama.