Majina ya Ngazi za Mwili
Mtoto afundishwaye kwamba seli za namna moja hufanya tishu, tishu mbalimbali hufanya ogani, na ogani kadhaa hufanya mfumo, hupewa majina matatu ya kigeni kwa mpigo. Seli ameisikia ikitajwa kuwa chumba cha mahabusu. Tishu aijua kuwa karatasi ya kufutia pua. Robert Hooke naye, mwaka 1665, aliazima jina la vyumba vidogo kwa alivyoviona katika gome la mti. Ila wasomaji wake walikuwa nalo tayari. Chembe hai humwongoza mtoto vyema zaidi, kwani chembe ya mtama ameishika mkononi. Kiungo ndicho chenye taabu: akiambiwa ini ni kiungo, hufikiri goti, au bizari. Hapo neno ogani, japo geni, halimpotezi.